Mgeni ni Kuku Mweupe: Njia ya Kutoka Uwanja wa Ndege hadi Mjini

Safari ya ndege ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ile ya angani. Huko abiria hatakiwi kujua lolote. Ataambiwa afunge mkanda, ataletewa chakula, ataambiwa tumefika. Sehemu ya pili huanza pale milango ya kioo inapofunguka yenyewe, na mbele yako wamesimama watu mia moja usiowajua hata mmoja. Hapo hakuna tena wa kukuambia ufanye nini. Kilomita chache zilizobaki hadi mjini ndizo zinazowatoa watu jasho kuliko maelfu ya kilomita walizozipita wakiwa wamelala.

Wiki hii napenda tuzungumzie kilomita hizo. Nimeona niyazungumze kwa sababu safari za nje si tena za mawaziri na wanamichezo peke yao. Mama muuza vitenge wa Kariakoo anasafiri. Kijana aliyepata kazi ya ulinzi au ya hotelini anasafiri. Mgonjwa anayekwenda kutibiwa anasafiri na ndugu yake mmoja. Wengi wao wanakwenda mara ya kwanza, na fedha walizobeba zimehesabiwa moja moja. Mtu wa namna hiyo akipoteza dola hamsini mlangoni mwa uwanja wa ndege, hajapoteza dola hamsini tu. Amepoteza chakula cha siku tatu au kitanda cha usiku mmoja, na pengine amepoteza na moyo.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Maana yake ni kwamba mgeni haonekani kwa shida. Hata akikaa kimya, kila mtu anamwona. Anavuta sanduku huku anatazama juu kusoma vibao. Anasimama katikati ya njia. Anashika mfuko wa koti kila baada ya dakika, akihakikisha pasi yake ipo. Mwewe hana kazi kubwa ya kumtafuta kuku wa namna hiyo. Wapiga debe wa stendi zetu wanamjua mgeni kwa kumwona tu, na usidhani nchi za wenzetu hazina wapiga debe. Wanao, ila wamevaa tai.

Lakini tukizungumza kwa jumla tu hatutafika mbali. Kwa hiyo nimechagua mji mmoja, nao ni Dubai. Nimeuchagua kwa kuwa ndiko wanakokwenda wafanyabiashara wetu wengi, na pia vijana wetu wengi wanaotafuta kazi. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa saa tano na nusu hivi angani. Atakayeielewa njia ya Dubai atakuwa ameuelewa utaratibu ambao atautumia hata akienda Istanbul, Guangzhou au Johannesburg, kwa sababu maswali ni yale yale. Majibu ndiyo yanayobadilika.

Swali la kwanza: unashuka uwanja gani, na jengo gani la abiria? Msomaji anaweza kucheka akasema, mimi nakwenda Dubai, nitashuka Dubai. Ngoja kidogo. Upo uwanja wa zamani, unaoandikwa DXB kwenye tiketi. Ulifunguliwa mwaka 1960, wakati Dubai ilikuwa mji mdogo wa wavuvi, wachuuzi na mabaharia, na njia yake ya kurukia ndege ilikuwa ya mchanga ulioshindiliwa. Mji ulipokua, uliuzunguka uwanja, na ndiyo sababu leo uwanja huo uko karibu mno na mitaa ya biashara. Upo uwanja wa pili, Al Maktoum, unaoandikwa DWC, uliopokea abiria kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Huo uko kusini kabisa, makumi ya kilomita kutoka mitaa ya zamani. Tena kuna ndege za bei nafuu zinazoshusha watu Sharjah. Sharjah si mtaa wa Dubai. Ni dola nyingine ndani ya Falme za Kiarabu, yenye uwanja wake, na treni ya mjini ya Dubai haifiki huko. Aliyekata tiketi ya Sharjah kwa sababu ni rahisi, lazima ajumlishe na gharama ya gari la kumpeleka Dubai ndipo ajue kama kweli ni rahisi.

Hata ndani ya uwanja wa DXB peke yake yapo majengo matatu ya abiria. Jengo la Kwanza na Jengo la Tatu yana vituo vya treni. Jengo la Pili halina. Liko upande wa pili wa njia ya ndege, na huko unatoka kwa teksi au basi. Mtu akiambiwa na shemeji yake kwamba "ukitoka tu unaona treni," kisha ndege yake ikatua Jengo la Pili, atatafuta treni hiyo mpaka achoke. Shemeji hakumdanganya. Yeye alishuka jengo jingine. Basi kabla ya kuondoka nyumbani tazama tiketi yako, na kama hujui kusoma alama zake muulize aliyekuuzia: nashuka uwanja upi, jengo namba ngapi?

Swali la pili: mjini ni wapi? Hapa kwetu ukisema "naenda mjini" kila mtu anakuelewa. Dubai haina mjini mmoja. Ipo Deira, upande wa mashariki wa hori la bahari waliloliita Khor, wenye maduka ya jumla, soko la dhahabu, soko la viungo na hoteli za bei ya mfanyabiashara mdogo. Ipo Bur Dubai, ng'ambo ya hori. Na ipo ile Dubai ya kwenye picha, yenye jengo la Burj Khalifa lililofunguliwa mwaka 2010, nayo iko kilomita nyingi zaidi kusini. Mwambie dereva "city centre" na atakupeleka panapoitwa hivyo, yaani kwenye duka kubwa la ghorofa liitwalo City Centre. Hata kituo cha treni kilichoko hapo kina jina hilo. Wapo waliokiona kwenye ramani, wakashuka wakijua wamefika katikati ya mji, wakajikuta kati ya maduka ya manukato na viatu, na hoteli yao iko vituo viwili mbele.

Kwa hiyo usiende na neno "mjini." Nenda na jina la hoteli au nyumba, jina la mtaa, jina la kituo cha treni kilicho jirani, na namba ya simu ya pale unapofikia. Yaandike kwenye karatasi. Nasema karatasi kwa makusudi. Simu ni chombo kizuri, lakini simu huisha moto, na simu yako ya nyumbani huenda isifanye kazi ukishuka. Ukiweza, jina la hoteli liandikwe na kwa Kiarabu pia. Aidha ujue jambo hili moja: kwa miaka mingi sasa Falme za Kiarabu zimezuia kupiga simu kwa njia ya WhatsApp. Ujumbe wa maandishi na ule wa kurekodi sauti hupita, ila maongezi ya simu hayapiti. Mgeni asiyejua huona mwenyeji wake hapokei, akadhani ametelekezwa, kumbe simu haijamfikia. Uwanjani upo mtandao wa bure. Tuma maandishi.

Swali la tatu: unafika saa ngapi? Hili nalo ni kubwa kuliko linavyoonekana, na sisi Waswahili lina mtego wetu wa pekee. Kwanza, saa ya Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja. Pili, sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, wenzetu wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukimwandikia mwenyeji asiye Mswahili kwamba unafika "saa tano usiku," na yeye akasoma tano kama tano yao, atakuja kukupokea saa kumi na moja alfajiri. Andika kwa tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, 23.00, na tarehe yake. Anayefika baada ya saa sita ya usiku anafika tarehe ya kesho. Wengi wamewekewa chumba cha hoteli tarehe isiyo yao kwa sababu hiyo.

Sasa, ndege nyingi zitokazo Afrika Mashariki huingia Dubai usiku au alfajiri. Treni ya Dubai hailali kama daladala, lakini hulala. Siku za kawaida huanza saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa sita usiku. Ijumaa hufunga saa saba usiku. Jumapili huchelewa, huanza saa mbili asubuhi. Zamani iliyochelewa ilikuwa Ijumaa, lakini tangu Januari mwaka 2022 nchi hiyo ilihamishia mapumziko ya wiki Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikabaki nusu ya siku, na saa za treni nazo zikafuata. Basi fanya hesabu. Ndege ikitua saa tano na dakika ishirini usiku, kuna mwendo wa kutembea ndani ya jengo, kuna foleni ya uhamiaji, kuna kungoja sanduku. Treni ya mwisho huenda ikawa imekwisha kwenda. Abiria huyo asijiwekee matumaini ya treni. Aweke pembeni fedha ya teksi tangu nyumbani.

Tukifika kwenye fedha, dirhamu ya huko haipandi wala haishuki mbele ya dola. Tangu mwaka 1997 dola moja ni dirhamu tatu na senti sitini na saba hivi. Hili ni jambo jema kwa mgeni, kwa sababu anaweza kukokotoa kichwani: gawanya kwa nne, ongeza kidogo. Maduka ya kubadilishia fedha yaliyomo uwanjani hukata zaidi kuliko yale ya Deira. Badilisha uwanjani kiasi cha kukufikisha mjini na kula usiku huo tu. Zilizobaki zingoje asubuhi. Na uombe noti ndogo.

Haya, tuseme umefika mchana, Jengo la Tatu, na umeamua kupanda treni. Wao huiita Metro. Mstari wake wa kwanza, Mstari Mwekundu, ulifunguliwa tarehe 9 Septemba mwaka 2009, na wa pili, wa Kijani, tarehe hiyo hiyo mwaka 2011. Treni hizi hazina dereva. Usishtuke ukisimama mbele kabisa na kuona kioo kitupu na reli zikija. Zinaongozwa na mitambo kutoka chumba kimoja.

Kuingia kunahitaji kadi. Inaitwa Nol, neno la Kiarabu lenye maana ya nauli, na bila shaka umekwisha kuona kwamba ni ndugu wa neno letu lenyewe. Inauzwa kituoni, dirishani au kwenye mashine, na mashine zinasema Kiingereza na Kiarabu. Kadi ya kawaida ni ya rangi ya fedha, na huuzwa dirhamu 25, ambazo 19 kati yake ni salio la kusafiria. Unaigusisha mlangoni unapoingia na unaigusisha tena unapotoka. Ukisahau kugusisha, hesabu yako haifungwi vizuri, na mkaguzi akikukuta ndani bila malipo halali faini ni dirhamu 200. Nauli yenyewe huhesabiwa kwa kanda: ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, kanda mbili za jirani ni 5, zaidi ya hapo ni saba na nusu. Kwa maneno mengine, kutoka uwanjani hadi Deira unaweza kulipa chini ya kile unacholipa kwa kikombe cha kahawa ndani ya uwanja huo huo.

Ukiwa na kadi mkononi, kosa linalowezekana ni moja tu: upande. Treni za jukwaa moja zinakwenda mwisho wa mstari uitwao Centrepoint, na hizo zinakutoa mjini. Wewe unataka zile zinazokwenda upande wa pili. Kutoka Jengo la Tatu utapita Jengo la Kwanza, kisha Al Garhoud, City Centre, Al Rigga, halafu Union. Ni kama dakika kumi na kidogo. Union ndipo Mstari Mwekundu unapokutana na wa Kijani. Anayekwenda Baniyas Square au soko la dhahabu anabadilisha hapo. Anayekwenda Burj Khalifa anabaki amekaa, anavuka chini ya hori hadi BurJuman na kuendelea.

Jihadhari na majina ya vituo. Wenzetu huuza majina hayo kwa makampuni kwa muda, kama sisi tunavyoona majina ya makampuni kwenye fulana za mpira. Hicho Centrepoint kiliitwa Rashidiya mpaka mwaka 2021. Al Fahidi nayo ilipata jina la duka la vyombo vya umeme. Kwa hiyo maelekezo uliyopewa na mtu aliyekwenda huko miaka mingi iliyopita yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yakakupoteza. Tena kuna kituo kwenye Mstari wa Kijani chenye neno "Airport" ndani ya jina lake, Airport Free Zone. Hicho ni cha eneo la viwanda na maghala. Hakikufikishi kwenye mlango wa abiria. Siku ya kurudi nyumbani usikifuate hicho ukakosa ndege.

Ndani ya treni kuna adabu zake, na adabu hizo zina bei. Kula, kunywa na kutafuna ubani ni faini ya dirhamu 100. Kuna behewa lililotengwa kwa wanawake na watoto, limewekewa alama za pinki. Mwanamume akiingia humo, hata kwa kutojua, anaweza kutozwa dirhamu 100. Kwa dada na mama zetu wanaosafiri peke yao, behewa hilo ni faraja kubwa. Na mizigo ina mipaka: sanduku moja kubwa na moja dogo kwa kila mtu. Ndiyo maana mfanyabiashara wetu anaweza kwenda na treni akiwa na begi tupu, lakini siku ya kurudi na marobota hatakubaliwa. Marobota yana njia yake, kwa wasafirishaji wa mizigo, na hilo ni mazungumzo ya wiki nyingine.

Tuseme sasa umefika usiku, au mmefika na mtoto, au na mgonjwa. Hapo panda teksi na usione ni ubadhirifu. Teksi halali za Dubai zina mwili wa rangi ya krimu na paa la rangi ya kampuni yake. Zenye paa la pinki huendeshwa na wanawake, kwa ajili ya wanawake na familia. Zote zina mita. Zinasimama kwenye foleni nje ya mlango wa wanaowasili, na yupo msimamizi anayeipanga foleni hiyo. Ukichukua uwanjani, mita huanza na dirhamu 25. Hilo huwashtua watu, wakadhani dereva ameichezea. Hajaichezea, ni kiwango kilichowekwa kwa magari ya uwanja wa ndege. Kutoka hapo hadi Deira, kwa kawaida malipo yote yatakuwa kati ya dirhamu 35 na 50, kutegemea msongamano. Ikiwa gari litapita chini ya lango la malipo ya barabara liitwalo Salik, dirhamu chache huongezwa. Ukishuka omba risiti. Risiti ina namba ya gari, na ukisahau mfuko ndani ya gari hiyo ndiyo kamba yako ya kuupatia.

Sasa tuwazungumzie wenye tai. Kabla hujaifikia foleni ya teksi, mtu atakusogelea. Atakuwa mpole. Atakuita madam au boss. Atakwambia foleni ni ndefu, treni imefungwa, yeye ana gari zuri hapo hapo. Mama mmoja wa Kariakoo aliniambia alivyolipa dirhamu 150 kwenda hoteli ya Deira kwa gari la mtu wa namna hiyo, gari lisilo na mita wala alama juu. Foleni ya teksi ilikuwa hatua thelathini kutoka aliposimama. Nilimwuliza kwa nini alikubali. Akanijibu kwa ufupi: "Mwanangu, alikuwa mtu wa kwanza kunisemesha." Nimelifikiria sana jibu hilo. Mama huyu nyumbani anapatana bei kwa saa nzima juu ya shilingi mia mbili. Hakuzidiwa akili. Alizidiwa na uchovu na upweke, na aliyemnyoosha mkono akaonekana ndugu.

Kanuni ya kumkinga mgeni na jambo hili ni fupi, nayo inafanya kazi dunia nzima: huduma halali hukungoja mahali pake, haikufuati. Teksi ya kweli iko kwenye foleni. Treni iko kituoni. Anayekuacha kazi yake akaja kukutafuta wewe katikati ya umati, ana sababu yake. Hata akizungumza Kiswahili. Naam, hata akizungumza Kiswahili, kwa kuwa Deira utakisikia Kiswahili mitaani, na wengi wao ni watu wema wenye shughuli zao. Lakini lugha moja si dhamana ya uaminifu. Ukitaka kuuliza njia, chagua wewe wa kumwuliza, na mchague mwenye sare: askari, mhudumu wa dawati la habari, msimamizi wa foleni. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumwachia mwingine achague swali.

Nimebakiza kundi moja, na hilo ndilo lililonifanya niyaandike haya. Ni vijana wetu, wasichana hasa, wanaokwenda kufanya kazi. Wao hawaambiwi njia ya kwenda mjini. Wanaambiwa, "utapokelewa." Kupokelewa ni jambo jema, lakini yule asiyejua njia nyingine isipokuwa ya mpokezi wake amekwisha kufungwa kamba kabla hajaianza kazi. Simwambii binti huyu amkimbie mwajiri wake. Namwambia awe na vitu vinne mwilini, si kwenye sanduku: jina kamili na namba ya simu ya anayempokea, alizoachia nakala nyumbani; anwani ya mahali anapopelekwa; nakala ya pasi na ya mkataba wake; na dirhamu za kutosha teksi moja. Ajue kuwa sheria ya huko haimruhusu mwajiri kuishikilia pasi ya mfanyakazi. Ajue kuwa Tanzania na Kenya zina balozi Abu Dhabi na konseli kuu hapo hapo Dubai. Ajue kuwa namba ya polisi wakati wa hatari ni 999. Mpokezi mwema hatachukizwa na binti anayejua mambo haya. Atakayechukizwa, basi hayo ndiyo majibu yenyewe, na yamekuja mapema.

Na nyumbani tusimwage tu machozi ya kuagana. Kazi ya ndugu anayebaki ni kuijua safari kama anavyoijua msafiri: namba ya ndege, saa ya kutua kwa saa ya huko, na makubaliano kwamba akifika atatuma neno moja. Neno lisipofika hadi saa fulani, ijulikane nani anapigiwa simu.

Iko pia siku ambayo mpango mzuri haufanyi kazi. Tarehe 16 Aprili mwaka 2024 mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha Dubai. Maji yalijaa kwenye njia za ndege, safari zikafutwa, vituo kadhaa vya treni vikasimama, barabara zikageuka mito. Mji uliosifiwa kwa utaratibu ukawaacha maelfu ya watu wamelala sakafuni uwanjani. Siku kama hiyo aliyekuwa na chupa ya maji, fedha kidogo na namba ya simu ya hoteli alikuwa tajiri. Asiye na haraka ya kutoka usiku huo alikuwa salama kuliko aliyelazimisha. Viti vya uwanja wa ndege ni vigumu, lakini vina taa, vina choo na vina askari. Kuketi hapo hadi alfajiri, treni ianze, si aibu hata kidogo. Mwenda pole hajikwai.

Mwisho, usiyakariri haya kama sala. Mwezi huo huo wa Aprili 2024 watawala wa Dubai waliidhinisha jengo kubwa jipya la abiria katika ule uwanja wa mbali wa Al Maktoum, kwa dirhamu bilioni 128, na wakatangaza kwamba katika muda wa miaka kama kumi shughuli zote za uwanja wa zamani zitahamia huko. Ikiwa hivyo, uwanja ulio dakika kumi kutoka Deira utabaki kuwa historia, na karatasi ya maelekezo iliyo mfukoni mwako leo haitakuwa na kazi. Njia hubadilika, nauli hupanda, vituo hubadilishwa majina. Maswali hayabadiliki: nashuka jengo lipi? Nakwenda mtaa gani hasa? Nafika saa ngapi, na saa hiyo usafiri gani uko macho? Nina fedha ya nchi hiyo kiasi gani mkononi? Nani anajua kwamba nimefika?

Mtu mwenye majibu matano kabla ya kupanda ndege atatoka kwenye mlango ule wa kioo akiwa bado kuku mweupe. Rangi hatuwezi kuibadilisha. Lakini atakuwa kuku anayejua banda lake liko wapi, naye huenda moja kwa moja, na mwewe humwacha akatafute mwingine.

Hadi wiki ijayo, safari njema.